Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ubishi wa Mashabiki Juu ya Maana ya Hadithi za Fantasia

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayependa hadithi za fantasia, ambaye amejikuta katikati ya mabishano kuhusu maana ya hadithi hizo na angependa kujua yanatoka wapi na yanaweza kuamuliwa vipi. Neno tafsiri limetumika hapa kwa maana ya kuhamisha matini kutoka lugha moja hadi nyingine tu. Kazi ya kueleza maana ya matini imeitwa ufasiri, kwa sababu Kiswahili cha kila siku huyaita mambo yote mawili kwa jina moja, na katika mada hii mchanganyiko huo ungetupoteza njia mapema.

Mashabiki hubishana kuhusu nini hasa?

Kwa kawaida hubishana kuhusu mambo matatu yaliyo tofauti huku wakidhani kwamba ni jambo moja. La kwanza ni ukweli wa ndani ya ulimwengu wa hadithi: nani alimuua nani, kiumbe fulani ana umbo gani, pete ile ilitoka mikononi mwa nani. La pili ni maana ya matini, yaani hadithi nzima inasema nini kuhusu mamlaka, kifo, huruma au dhambi. La tatu ni nia ya mwandishi: alikusudia kusema nini, na aliamini nini alipokuwa akiandika.

Kila moja lina ushahidi wake. Swali la kwanza hujibiwa kwa kurudi kwenye ukurasa na kusoma polepole. La tatu hujibiwa kwa barua, mahojiano, rasimu na dibaji. La pili linahitaji hoja, na hoja hiyo inaweza kuchota ushahidi kutoka pande zote mbili bila kulazimika kuutii upande wowote. Tatizo huanza pale shabiki mmoja anaposema kwamba hadithi fulani inahusu hofu ya kifo, naye mwenzake akamjibu kwa barua ambamo mwandishi alitaja jambo jingine. Wanajibizana, lakini hawajibu swali moja. Kabla ya kumpinga mtu, inafaa kumuuliza kwa upole ni lipi kati ya maswali hayo matatu analolijibu. Mara nyingi ubishi huishia hapo, na ule unaobaki ndio wenye thamani.

Kwa nini fantasia huzua ubishi mkubwa kuliko riwaya za kawaida?

Msomaji wa riwaya inayohusu maisha ya kawaida huyajaza mapengo ya hadithi kwa yale anayoyajua. Mwandishi hana haja ya kueleza kwamba mvua hulowesha au kwamba mtu aliyefiwa huomboleza. Katika fantasia msomaji hana ulimwengu mwingine wa kuuendea, kwa kuwa mambo yote anayoyajua kuhusu joka, pepo au nchi ile yamo katika kurasa alizopewa. Mwandishi asiposema kama kiumbe fulani ana roho, hakuna shahidi wa kuulizwa.

Zaidi ya hayo, vitu vya fantasia huelemea upande wa ishara hata mwandishi asipotaka. Ni vigumu kusoma juu ya giza linaloenea kutoka upande mmoja wa ramani bila kujiuliza giza hilo ni nini. Tena waandishi wakubwa wa aina hii wenyewe huwaalika wasomaji wawe wachunguzi. Kitabu cha J. R. R. Tolkien, *The Lord of the Rings*, kilichotoka kwa majuzuu matatu mwaka 1954 na 1955, humalizika kwa viambatisho vyenye nasaba, tarehe, hati na kalenda. Msomaji aliyekabidhiwa kalenda atahesabu siku, na akishazihesabu atagundua jambo ambalo mwenzake hakuligundua.

Je, kila hadithi ya fantasia ni istiara?

Hapana, ingawa hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi. Istiara, kama wahakiki wa Kiswahili wanavyolitumia neno hilo, ni hadithi ambayo wahusika na matukio yake husimama mahali pa mambo mengine kwa mpango maalumu, kiasi kwamba msomaji anaweza kuandika orodha: huyu ni fulani, nchi ile ni ile, vita vile ni vile. Hadithi nyingi za fantasia hazistahimili orodha ya namna hiyo.

Mfano unaojulikana sana ni madai kwamba *The Lord of the Rings* ni istiara ya Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba Pete, kile kitu chenye nguvu ya uovu ambacho hadithi nzima inakizunguka, ni bomu la atomu. Tolkien alilijibu dai hilo katika dibaji ya toleo la pili, katikati ya miaka ya 1960. Wengi hukumbuka kwamba alisema haipendi istiara, nao huishia hapo, kana kwamba kutopenda kwake ni hoja. Hoja yake hasa ilikuwa nzuri zaidi ya hapo: alionyesha kwamba kama vita vile halisi vingeongoza mwendo wa hadithi, Pete ingetwaliwa na kutumiwa dhidi ya Sauron, adui mkuu aliyeitengeneza, ngome yake isingebomolewa bali ingekaliwa, naye mchawi msaliti Saruman angetengeneza Pete yake mwenyewe. Huo ni ushahidi wa ndani ya matini, na mtu asiyejali hata kidogo nia ya mwandishi bado anapaswa kuujibu.

Katika dibaji hiyohiyo Tolkien alitofautisha istiara na kile tunachoweza kukiita ulinganifu. Katika istiara mwandishi ndiye anayemshika msomaji mkono na kumpeleka kwenye maana moja aliyoikusudia. Katika ulinganifu msomaji yuko huru kuiona hadithi ikigusa mambo anayoyajua. Mtu aliyeishi chini ya dikteta ana haki ya kumwona Sauron katika dikteta yule. Asichokuwa nacho ni haki ya kuwaambia wengine kwamba kitabu kiliandikwa juu ya dikteta yule.

C. S. Lewis, rafiki wa Tolkien, anatatiza mambo zaidi. Vitabu vyake saba vya Narnia, vilivyotoka kati ya 1950 na 1956, vina simba aitwaye Aslan ambaye hufa kwa ajili ya msaliti kisha akafufuka, na karibu kila mtu huiita hiyo istiara ya Ukristo. Lewis mwenyewe alikataa neno hilo. Katika barua ya mwaka 1958 alieleza kwamba Aslan ni jibu la swali la kudhania tu: kama kungekuwa na ulimwengu kama Narnia, Kristo angekuwaje humo? Tofauti hii huonekana kama mchezo wa maneno hadi uitumie. Ikiwa Aslan ni istiara, kila anachokitenda lazima kiwe na kifani chake katika Injili, na msomaji hubaki akikwama kwenye mambo yasiyo na kifani. Ikiwa ni dhana, Aslan ana maisha yake mwenyewe, na anaruhusiwa kufanya mambo ambayo Injili haiyajui. Naona Lewis alikuwa sahihi, ingawa nakubali kwamba mtoto anayesoma bila kujua lolote juu ya dini hapotezi kitu kikubwa kwa kutolijua jambo hili.

Vipi kuhusu hadithi ambazo kwa kweli ziliandikwa kama mafumbo?

Zipo, na msomaji wa Kiswahili anayo moja iliyo karibu naye. *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, inahusu nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande za mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini, ambao walirudi na mapendekezo mema wakaadhibiwa. Majina ya wahusika yanasema waziwazi wao ni nani, na kitabu kilitoka wakati Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza, kwa hiyo usomaji unaokihusisha na ukoloni haukosi msingi.

Hata hapa ubishi haukosekani. Wapo wanaosema kwamba kumfanya Majivuno kuwa gavana fulani kunakipunguza kitabu, kwa sababu watawala wanaoogopa sheria hawakuisha baada ya uhuru. Hoja hiyo ni nzito. Fumbo linaweza kuwa lilifungwa kwa ajili ya wakati mmoja likafumbuliwa katika wakati mwingine, bila ya mfumbuaji wa pili kumdhulumu wa kwanza.

Mwandishi akisema alikusudia jambo fulani, je, ubishi umekwisha?

Umekwisha kuhusu swali la tatu tu, nalo pia si mara zote.

Wahakiki walilishughulikia jambo hili zamani. Mwaka 1946 W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley waliandika makala mashuhuri wakidai kwamba nia ya mwandishi haipatikani kwa uhakika wala haifai kuwa kipimo cha kazi ya fasihi. Mwaka 1967 Roland Barthes akaenda mbali zaidi kwa kutangaza kifo cha mwandishi, akimaanisha kwamba maana ya maandishi hukusanyika kwa msomaji badala ya kuamriwa na aliyeyaandika. Mashabiki wengi hulitumia tamko la Barthes kama rungu la kumnyamazisha mtu aliyenukuu barua, jambo ambalo sidhani kama Barthes alilitaraji. Mwandishi akikosa kuwa hakimu, bado anabaki kuwa shahidi, tena shahidi aliyekuwapo.

Shida ya shahidi huyu ni kwamba hubadilika. Tolkien yuleyule aliyeikataa istiara aliandika katika barua ya mwaka 1953 kwamba kitabu chake kimsingi ni kazi ya kidini na ya Kikatoliki, bila kujitambua mwanzoni lakini kwa kujitambua wakati wa kukisahihisha. Anayetaka kuuona Ukatoliki huinukuu barua; asiyetaka huinukuu dibaji. Kauli hizo hazipingani mtu akizisoma kwa utulivu, kwa sababu kazi inaweza kujengwa juu ya imani fulani pasipo kuwa istiara ya imani hiyo. Ila ni nadra kumwona mtu akizinukuu zote mbili kwa pamoja.

Kauli inayotolewa baada ya kitabu kuchapishwa ina ugumu wake. Mwezi Oktoba 2007, miezi michache baada ya kitabu cha saba cha Harry Potter kutoka, J. K. Rowling aliwaambia wasomaji mjini New York kwamba sikuzote alimfikiria Dumbledore, mkuu wa shule ya wachawi katika vitabu hivyo, kuwa shoga. Mashabiki waligawanyika papo hapo: wengine waliipokea kauli ile kama sehemu ya hadithi, wengine wakasema kwamba kisichomo kitabuni hakimo. Kwangu kipimo ni hiki: kauli ya nje huingia katika ufasiri kwa kadiri inavyoangaza mistari iliyokwisha kuandikwa. Katika kitabu cha saba kuna urafiki wa ujanani kati ya Dumbledore na Grindelwald, mchawi aliyekuja kuwa mwovu, ulioipofusha akili ya kijana aliyekuwa na akili kupita wenzake wote. Ukiijua kauli ya 2007, upofu ule unaeleweka vizuri zaidi. Kwingineko katika vitabu vile saba kauli hiyo haina pa kushika, na anayesoma bila kuijua hasomi vibaya.

Mwandishi anaweza pia kurudi na kujisoma upya ndani ya hadithi. Ursula K. Le Guin alitoa kitabu cha kwanza cha Earthsea, ulimwengu wa visiwa na wachawi, mwaka 1968, na kufikia 1972 vilikuwa vitatu. Mwaka 1990 alirudi na *Tehanu*, kitabu kinachouliza kwa nini katika ulimwengu ule ni wanaume pekee wanaosomea uchawi mkuu. Baadhi ya mashabiki walilalamika kwamba ameisaliti kazi yake kwa kuipachika siasa. Lakini kitabu cha 1968 chenyewe kina msemo wa watu wa nchi ile unaoutaja uchawi wa wanawake kuwa dhaifu na mwovu. Swali la 1990 lilikuwa limelala humo kwa miaka 22. Katika ubishi huu sioni namna ya kuwa katikati: walalamikaji hawakukisoma vizuri kitabu walichokuwa wakikitetea.

Je, Balrog ana mabawa au hana?

Swali hili limechekwa sana, na wanaolicheka wanakosea, kwa sababu ni zoezi zuri kuliko yote la kusoma kwa makini.

Katika juzuu la kwanza la *The Lord of the Rings*, mchawi Gandalf anakutana na Balrog, pepo wa moto na kivuli, juu ya daraja la Moria. Kwanza tunaambiwa kwamba kivuli kilichomzunguka kilitanda kama mabawa mawili makubwa. Aya chache baadaye tunaambiwa kwamba alijiinua hadi kimo kikubwa, na mabawa yake yakaenea kutoka ukuta hadi ukuta. Basi.

Mtu aliyesoma tamathali za usemi shuleni ataona mara moja kiini cha ubishi. Sentensi ya kwanza ni tashbihi, kwa kuwa ina neno la kulinganisha. Kitu kinacholinganishwa na mabawa kwa kawaida si mabawa. Sentensi ya pili haina neno hilo. Je, ni sitiari inayoendeleza tashbihi ya kwanza, kwamba kile kivuli tulichokwisha kukifananisha na mabawa sasa kimetanda ukumbi mzima? Au ni taarifa ya moja kwa moja, kwamba macho ya wasafiri yalipozoea giza waliyaona mabawa halisi? Sarufi inaruhusu yote mawili. Wanaoyakataa mabawa huongeza kwamba Balrog yule anaanguka shimoni asiruke; wanaoyakubali hujibu kwamba kuwa na mabawa hakumaanishi kuweza kuruka, tena katika shimo jembamba.

Mimi niko upande wa kivuli. Sababu yangu ni mpangilio wa sentensi: mwandishi anayetaka tuamini mabawa ya nyama hana haja ya kuanza kwa kutuambia kwamba ni kivuli kilichofanana nayo. Lakini jambo lenye uzito zaidi ya kura yangu ni kwamba hofu ya tukio lile inatokana na kutojua. Mwandishi amewaweka wasafiri mbele ya kitu ambacho hawawezi kukitenganisha na giza lake, na shabiki anayedai picha kamili anadai kitu ambacho tukio linakataa kukitoa.

Filamu zinahesabika kama ushahidi?

Zinahesabika kama ufasiri wa wengine. Filamu ya mwaka 2001 ilimpa Balrog mabawa kwa sababu kamera haiwezi kurekodi tashbihi, lazima iamue. Wakati mwingine uamuzi huo hufuta maana iliyokuwamo. Watu wengi wa Earthsea, akiwemo shujaa Ged, wana ngozi nyeusi au ya kahawia, jambo ambalo Le Guin alilisema kitabuni kwa utulivu na kwa makusudi. Mfululizo wa televisheni wa mwaka 2004 ulimpa Ged mwigizaji mweupe, naye mwandishi akapinga hadharani.

Itakuwaje ikiwa matini yenyewe imebadilika?

Hapo shabiki anapaswa kutaja toleo lake kabla ya kufungua kinywa. *The Hobbit* ya Tolkien ya mwaka 1937 na ile ya 1951 hazisimulii tukio lilelile katika sura ya tano. Katika toleo la kwanza Gollum, kiumbe aishiye gizani chini ya milima, anaahidi kumpa shujaa Bilbo pete yake kama zawadi ya ushindi wa vitendawili, na akishindwa anasikitika kwa dhati kwamba haioni. Kufikia toleo la pili Pete ilikuwa imekwisha kuwa kitu ambacho mwenye nacho hawezi kukitoa kwa hiari, kwa hiyo Tolkien akaiandika sura upya. Kisha akafanya jambo la ustadi: katika *The Lord of the Rings* akaeleza kwamba lile simulizi la zamani ulikuwa uongo wa Bilbo, aliyetaka umiliki wake uonekane halali. Kosa la kimpangilio likageuka kuwa ushahidi kwamba Pete ilianza kumharibu Bilbo tangu siku ya kwanza.

Ugumu huzidi kwa maandishi yaliyochapishwa baada ya mwandishi kufa. Tolkien alifariki mwaka 1973, na *The Silmarillion* ikatoka mwaka 1977 ikiwa imehaririwa na mwanawe Christopher, ambaye alilazimika kuchagua kati ya rasimu zisizokubaliana. Kitabu hicho kinaeleza kwamba viumbe waitwao Orc walitokana na Waelfi waliotekwa na kuteswa. Majuzuu 12 ya rasimu aliyoyatoa Christopher kati ya 1983 na 1996 yanaonyesha kwamba baba yake baadaye aliyumba juu ya jambo hilo, na akafikiria pia asili ya kibinadamu. Hilo si suala dogo la nasaba. Ikiwa Orc wana roho, basi mashujaa wanaowachinja bila kusita wanaua nafsi zinazoweza kutubu; ikiwa hawana, uovu wao haustahili lawama. Tolkien aliliona tatizo hilo na hakulimaliza, kwa hiyo shabiki anayetoa jibu moja kwa uhakika anatoa jibu ambalo mwenye kazi hakuwa nalo.

Tom Bombadil ni nani?

Ni mhusika wa ajabu wa *The Lord of the Rings* ambaye kitabu hakielezi asili yake. Katika barua ya mwaka 1954 Tolkien alisema kwamba hata zama za kubuni lazima ziwe na mafumbo, na kwamba Bombadil ni mojawapo, kwa makusudi. Hapa nia ya mwandishi inakubaliana kabisa na matini, na ninashauri tuiheshimu.

Mpangilio wa kusoma vitabu unaweza kubadilisha maana?

Ndiyo. Vitabu vya Narnia husomwa kwa mpangilio wa kuchapishwa au kwa mpangilio wa matukio, ambapo *The Magician's Nephew*, kitabu cha sita kutoka, huwa cha kwanza. Mwaka 1957 Lewis alimwandikia mtoto mmoja akionyesha kuupendelea mpangilio wa matukio, na matoleo mengi ya sasa huufuata. Lakini katika kitabu cha mwaka 1950 msimulizi anasema kwamba wale watoto hawakumjua Aslan zaidi ya unavyomjua wewe msomaji. Sentensi hiyo ni ya kweli kwa anayeanza na kitabu hicho tu. Kwa aliyekwisha kumwona Aslan akiumba ulimwengu kwa wimbo, sentensi imekuwa uongo, na siri iliyotakiwa kumjia taratibu imemponyoka.

Ufasiri unaovutia lakini usio na ushahidi una thamani gani?

Una thamani kama zana, mradi usivishwe joho la historia. Mwaka 1964 mwalimu wa shule ya sekondari, Henry Littlefield, alichapisha makala akisoma *The Wonderful Wizard of Oz* ya L. Frank Baum, ya mwaka 1900, kama fumbo la siasa za fedha nchini Marekani: njia ya matofali ya manjano ni dhahabu, viatu vya msichana Dorothy ni sarafu za madini ya fedha, mtu wa majani ni mkulima, mtu wa bati ni mfanyakazi wa kiwandani, na simba mwoga ni mwanasiasa William Jennings Bryan. Usomaji huo unapendeza mno, na unawasaidia wanafunzi kukumbuka uchaguzi wa 1896. Wengi waliojua filamu ya mwaka 1939 tu walishangaa, kwa kuwa humo viatu ni vyekundu. Kitabuni ni vya madini ya fedha.

Hata hivyo Baum aliandika katika utangulizi wake kwamba hadithi ililenga kuwafurahisha watoto tu, na Littlefield mwenyewe baadaye alikiri kwamba hakuna msingi wa kumhesabu Baum kuwa mfuasi wa siasa zile. Kufikia wakati huo makala yake ilikuwa imekwisha kuzaa watoto na wajukuu waliosimulia fumbo hilo kama jambo lililothibitishwa. Lililopotea njiani ni unyofu wa kusema kwamba huu ulikuwa usomaji wa mwalimu mmoja.

Tafsiri ya lugha inaathiri mabishano haya?

Inaathiri kuliko wanavyokiri wanaosoma kwa lugha moja. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi kuchagua kati ya viwakilishi vya kiume, vya kike na vya kitu, na mashabiki wengi hujenga hoja juu ya chaguo hilo. Kiswahili hakina mlango huo: mchawi, joka, mama na pepo wote huchukua kiambishi kilekile cha a-. Hoja nyingine huyeyuka zinapotafsiriwa.

Mfano mzuri hautoki katika fantasia halisi bali kwa jirani yake, hadithi za sayansi ya kubuni. Katika *The Left Hand of Darkness* ya mwaka 1969, Le Guin alibuni watu wasio na jinsia ya kudumu, akawaita wote kwa kiwakilishi cha kiume. Wasomaji walimlaumu kwamba amewafanya wote waonekane wanaume. Mwanzoni alijitetea, na miaka ya baadaye akakubali kwamba lawama ile ilikuwa na haki. Kwa Kiswahili "aliingia akaketi" haimfungi mtu katika jinsia yoyote. Mtafsiri angelifikia lengo la mwandishi bila jasho, na papo hapo angeuficha ubishi ambao umekuwa sehemu ya historia ya kitabu.

Je, fasiri mbili zinazopingana zinaweza kuwa na nguvu sawa?

Zinaweza, na mfano bora ni Frodo, mbeba Pete katika *The Lord of the Rings*, kwenye ukingo wa moto. Amebeba Pete hadi mahali pa kuiangamiza, na hapo anatamka kwamba hachagui kutenda alilolijia, na kwamba Pete ni yake. Gollum ndiye anayemng'ata kidole na kuanguka nayo. Kundi moja la mashabiki linasema Frodo alishindwa: maneno yake ni maneno ya mtu anayechagua. Kundi la pili linamnukuu Tolkien, aliyeandika katika barua ya mwaka 1963 kwamba katika dakika ile shinikizo la Pete lilikuwa limefikia kilele ambacho hakuna aliyeweza kukistahimili, kwa hiyo kushindwa kwake hakukuwa kosa la kimaadili. Tena huruma aliyokwisha kumwonyesha Gollum ndiyo iliyoleta ukombozi.

Barua inatuambia jinsi Tolkien alivyomhukumu Frodo, na hukumu ile ni ya busara. Lakini haifuti kitenzi kilichomo kinywani mwa Frodo, na kundi la kwanza lina ukurasa mwingine ambao hutajwa mara chache. Baada ya vita, wote wakiwa wamerejea nyumbani na nchi ikijengwa upya, mkulima Cotton anamkuta Frodo kitandani tarehe 13 Machi, ameshika kito cheupe kilichoning'inia shingoni, akisema kama mtu aliye nusu ndotoni kwamba imekwenda milele, na sasa yote ni giza na utupu. Karibu mwaka mzima umepita, na bado anaililia. Sam, mwenzake wa safari ile, hakujua habari hiyo, kwa sababu alikuwa safarini, na aliporudi Frodo alikuwa amekwisha kupata nafuu wala hakusema neno.